Mtoto akisukuma wenzake, tumtazame nani?

Jioni, uani kwenye nyumba tunayopanga, watoto hucheza kujipikilisha. Vizibo vya soda ndiyo sufuria, mchanga ndiyo unga. Juzi binti wa miaka minne, aliyekuwa "mama", alishika kiuno akafoka: "Nimechoka mimi! Mnanimaliza!" Mwenzake alipochelewa kuleta "maji", akamsukuma. Punde akabaki peke yake na vizibo vyake.

Wapangaji wakasema ameyatoa kwao. Ukweli upo. Mtafiti Rand Conger na wenzake walifuatilia familia 451 za Iowa, Marekani, kuanzia 1989, baada ya wakulima wa huko kukumbwa na madeni. Waliona kwamba ukata humfikia mtoto kwa kupitia wazazi: wanasononeka, wanagombana, malezi yanakuwa makali. Watoto wale walikuwa wa darasa la saba. Kwa wa miaka minne naona njia hiyo ni fupi zaidi, maana kusubiri zamu na kuomba radhi anajifunza kwa anayeishi naye.

Lakini mambo yanaweza kuanzia kwa mtoto pia. Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza utafiti wao New York mwaka 1956, walionyesha kuwa watoto hutofautiana hulka tangu uchanga: huyu anazoea watu upesi, yule analia kwa kila kipya. Mtoto mgumu humchosha mzazi, na mzazi aliyechoka hufoka. Nani kaanza?

Mwandishi wa saikolojia Judith Rich Harris alikwenda mbali zaidi mwaka 1995, akidai kuwa tabia ya mtoto nje ya nyumba hujengwa zaidi na rika kuliko wazazi. Kwa wadogo hawa simfuati. Mzazi ndiye anayefungua mlango wakacheze, na akielemewa huufunga.

Kinachoniuma ni jinsi lawama zote zinavyomwangukia mama. Mama wa binti yule huamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua, akirudi hana hata nguvu ya kuongea. Kumwambia "punguza msongo" bila mtu wa kumshika mtoto saa moja tu ni kumwongezea mzigo.

Siku ile bibi wa chumba cha pili alimpakata yule binti hadi kilio kikaisha, akamwambia: "Haya, kamwite mwenzio, mwambie chakula kimeiva." Akaenda. Mwenzie alisita kidogo, kisha akachukua kizibo.