Wakala na fungu lake katika pensheni ya askari

Mzee aliyestaafu jeshini akarudi kwao Faza, kisiwani huku Lamu, dai lake la pensheni likikwama, safari yake ni ndefu: boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kisha Nairobi, iliko Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa. Akitokea mtu wa kumwambia, “Nipe karatasi, nitakufuatilia, ukilipwa tutagawana,” hatuwezi kumlaumu mzee kwa kukubali.

Wanaowatetea mawakala hawa wana hoja nzito, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kweli. Chukua suala la majina. Cheti cha kuachishwa jeshini kimeandikwa Athumani Shehe, kitambulisho ni Athman Shee, na benki ina Othman. Hapa Amu, yaani Lamu, huyo ni mtu mmoja. Kwa karani anayeangalia faili ni watu watatu, na faili linalala. Dawa yake ni hati ya kiapo, ila lazima awepo mtu wa kumwambia mzee hivyo. Mjane aliyeozwa kijijini bila cheti cha ndoa naye hana budi kuanzia kwa Kadhi. Na aliyeumia kazini, tuseme sikio lililoharibiwa na mlipuko kule Somalia baada ya jeshi letu kuingia Oktoba 2011, au katika msitu wa Boni kwenye operesheni dhidi ya Al-Shabaab iliyoanza 2015, anatakiwa kuonyesha kwamba jeraha lilitokana na utumishi. Kama hakuandikishwa hospitali ya kikosi siku zile, atahitaji ripoti ya daktari na viapo vya wenzake waliokuwepo. Askari wengi hawalijui hilo.

Kinachonisumbua ni fungu. Asilimia ya malimbikizo, yaani ya pesa za nyuma ambazo mzee hajalipwa, haina uhusiano na jasho la wakala: kiapo kimoja cha jina kinaweza kufungua pesa za miaka kumi, naye akaondoka na sehemu kubwa. Tena inamfanya apende kinacholipwa haraka kwa mkupuo. Dai la ulemavu, ambalo lingempa mzee nyongeza ya kila mwezi maisha yake yote, linachelewa, na wakala hana haja nalo. Baya zaidi ni pale wakala anapokaa na vyeti vya asili au kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Hapo mzee ameshikwa, hata kama hajatia saini deni lolote.

Marekani wamelijaribu jambo hili kwa sheria. Wakala au wakili haruhusiwi kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Anaweza kutoza baada ya uamuzi kutolewa, iwapo askari anataka upitiwe upya, na asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa kiwango cha haki. Vyama vya maveterani kama American Legion husaidia bure. Lakini adhabu ya jinai kwa wanaokiuka iliondolewa mwaka 2006, na kampuni zisizo na kibali zikaendelea kutoza. Kwa hiyo katazo peke yake halitatutosha sisi pia, hata tukiliongeza juu ya Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022.

Badala ya asilimia, ningependa wakala atoze ada ya kiasi maalumu. Wapo watakaosema ada ya namna hiyo ni ya mwenye pesa mkononi, na asiye nacho atabaki nje. Ni pingamizi la haki, nami nalikubali nusu. Malipo yasubiri mpaka dai lilipwe, lakini yawe kiasi kilichotajwa na kuandikwa tangu mwanzo, na wakala apewe nakala tu, vyeti vya asili vibaki nyumbani.

Kabla ya hapo, mzee ajaribu njia isiyo na ada. Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman) hupokea malalamiko ya pensheni bure. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa haki ya kuandika barua kuuliza faili lake limefika wapi na limekwamishwa na nini. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua hiyo kijana yeyote aliyemaliza sekondari anaweza kumwandikia jirani yake jioni moja, na mara nyingi jibu lake ndilo litakaloonyesha kama kweli anahitaji wakala au anahitaji kiapo tu.