Kitabu cha Ukoo Kimekwisha, Nyongeza Hazijaisha

Kitabu cha ukoo wetu kilishakwisha. Jalada lipo, mti wa ukoo upo, fahirisi ipo, na mwenye steshenari kule Kariakoo keshanitajia bei, keshapunguza kwa kujuana. Nikatuma nakala kwenye grupu la familia, nikakaa kusubiri hongera. Baba Mdogo akawa wa kwanza kujibu: "Kazi nzuri mwanangu, ila mbona harusi yangu haimo?"

Tangu siku hiyo ni nyongeza juu ya nyongeza. Watu walewale ambao nilipowaomba tarehe za kuzaliwa walinijibu kwa kidole gumba, leo kila mmoja ana kiambatisho. Shangazi ana cheti cha ubatizo. Binamu wa Mwanza ana picha za mahafali yake, zote za pembeni, maana upande ule ndio anapendeza. Kuna mtu kaleta risiti ya kodi ya kichwa imetafunwa na mchwa, na hiyo walau ina maana, hiyo naiweka.

Tatizo ndugu zangu wanadhani kitabu ni daftari: unafungua ukurasa, unabandika picha, unafunga. Jamani, kwenye programu ya nasaba ninayotumia, ile ya kompyuta ya kutunzia habari za ukoo, hakuna kitabu! Kuna taarifa tu, fulani kamzaa fulani, fulani kaolewa na fulani, halafu ukibonyeza kitufe kitabu kinatengenezwa upya kuanzia jalada. Sasa wewe kitoe, kipeleke kwenye programu ya kuandikia, kirembe, weka salamu na picha ya mikorosho ya bibi. Shangazi anapiga simu saa nne usiku: kuna mtoto wa nje hajaandikwa. Unamwingiza mtoto, unabonyeza kitufe, kitabu kipya kinatoka na mtoto ndani. Mikorosho haimo.

Nyongeza inayodumu ni ile uliyoiingiza ndani ya programu yenyewe. Na kwa kazi hiyo nimepewa visanduku vitatu vya maandishi: cha mwanzo, cha kati, cha mwisho. Ukoo mzima wa Kimwera, visanduku vitatu! Salamu za Baba Mdogo peke yake, kwa vile nazijua, hazitoshi humo hata akianzia katikati.

Haya, fahirisi. Programu inapanga watu kwa jina la mwisho, kwa sababu walioitunga, kwao jina la mwisho halibadiliki tangu enzi za mababu. Sisi jina la mwisho ni la babu. Kwa hiyo baba yuko kwenye B, mwanawe kwenye S, mjukuu kwenye M, na wanakaa nyumba moja. Kila mtu akifungua fahirisi anapiga simu kuuliza kwa nini kafukuzwa kwenye ukoo.

Siwezi kuilaumu kwa kila kitu. Baba yake babu, inavyosemwa, alizaliwa wakati wa Maji Maji. Nikaandika "kati ya 1905 na 1907", ikakubali bila kuuliza cheti, tofauti na ofisi zote ninazozijua. Na babu, aliyezaliwa Jimbo la Kusini na kufia mkoa wa Lindi bila kuhama kijiji, nayo imemwelewa kwamba iliyohama ni mipaka.

Kasheshe ni huyo babu na Mradi wa Karanga. Waingereza walianza mwaka 1947 kutafuta mafuta ya karanga, Nachingwea ikafyekwa, reli ikajengwa, na 1951 mradi ukafutwa. Hapo wote tunakubaliana. Babu alifanya nini pale? Shangazi anasema alikuwa mpishi. Mama Mkubwa anasema aliendesha trekta. Baba Mdogo anasema wazungu walikuwa hawaanzi kazi mpaka babu afike. Na kila mmoja anataka maelezo yake yakae kisanduku cha mwanzo.

Programu inataka kila habari iandikiwe chanzo chake, na chanzo kipewe daraja la kuaminika, kuanzia chini sana hadi juu sana. Nikawapanga. Baba Mdogo akaja kunitembelea, akachungulia kompyuta. "Hapa 'chini sana' ni mimi?" Nikamwambia ni mambo ya kimtandao.

Binamu wa Mwanza akasema anayajua haya, nimtumie faili amalizie. Nikamtumia GEDCOM, mfumo uliobuniwa na kanisa la Wamormoni Marekani mwaka 1984 ili programu za nasaba zipashane habari. Ni maandishi matupu: picha haziendi, yanaenda maelekezo tu ya folda zilimo, na folda ziko kwangu Mbagala. Akafungua, akakuta majina hayana sura. Hakuniuliza. Akaandika kwenye grupu: "Naona picha ya marehemu mama imefutwa."

Mama Mkubwa hajaridhika na maandishi, katuma sauti. Anaimba nyimbo za unyago, anakohoa, jogoo anaitikia, na anataka iwekwe kitabuni kama ilivyo. Kitabu cha karatasi.

Jana nikatangaza: kila nyongeza ije na mchango wake wa uchapaji, maana steshenari wanahesabu kurasa, hawahesabu undugu. Shangazi akajibu palepale, mbele ya wote: "Mwanangu, mimi yangu nilishalipia. Ada ya kidato cha pili umeisahau?"

Nimempa kisanduku cha kati.