Sehemu ya Mbele ya Ubongo: Inabadili Mawazo au Inayashikilia?

Mwaka 1963, mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal alichapisha matokeo ya jaribio la kadi ambalo mpaka leo hutajwa karibu kila inapojadiliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu hupewa kadi zinazotofautiana kwa rangi, umbo na idadi ya alama, azioanishe na kadi nne za mfano. Kanuni haambiwi. Anaambiwa tu amepata au amekosa. Akishapata mara kumi mfululizo, kanuni inabadilishwa kimyakimya: rangi haina kazi tena, sasa ni umbo. Watu wengi hukosea kidogo, wakashtuka, wakajirekebisha. Wagonjwa wa Milner, waliokatwa kipande cha sehemu hiyo ili kutibu kifafa, waling'ang'ania kanuni ya zamani. Wengine walikiri kwa vinywa vyao kwamba wanakosea, huku mikono ikiendelea vilevile.

Hapo ndipo lilipotoka funzo linalorudiwa mno: gamba la mbele la ubongo, yaani tabaka la nje la sehemu hiyo, ndilo chombo cha kubadilika, na likiumia mtu anaganda. Kwa maoni yangu, funzo hilo ni nusu ya habari.

Nusu ya pili ni kwamba seli za gamba hilo zilijipatia umaarufu kwa kushikilia. Mwaka 1971 Joaquín Fuster na Garrett Alexander walirekodi seli za neva za kima walioonyeshwa chakula kinapofichwa, kisha wakazuiwa kukiona kwa muda kabla ya kuruhusiwa kuchagua. Baadhi ya seli ziliendelea kutoa ishara muda wote wa kusubiri, ingawa mbele ya mnyama hapakuwa na cha kutazama. Miaka 30 baadaye, Earl Miller na Jonathan Cohen waliijengea nadharia tabia hiyo. Kwa mujibu wao, gamba la mbele halitendi kazi yenyewe. Linashikilia lengo na kuzipa nguvu njia za ubongo zinazolitumikia lengo hilo. Mfano wao mzuri ni jaribio la John Ridley Stroop la mwaka 1935. Neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa kijani, nawe unatakiwa kutaja rangi ya wino. Mazoea ya kusoma yana nguvu kuliko kazi uliyopewa. Bila kitu cha kulishikilia agizo, mazoea yangeshinda kila mara.

Basi swali gumu ni hili: chombo kilichoumbwa kushikilia kinatuwezeshaje kuachia?

Wanaosisitiza kushikilia wana jibu la maana. Ng'ombe hugeuka kwa kuvutwa kamba, na fikra nazo hugeuka pale tu lengo jipya linaposhikwa kwa nguvu kuliko la zamani. Kwao, mgonjwa anayeng'ang'ania rangi ameshindwa kuishika kanuni mpya, kwa hiyo mazoea aliyokwisha kuyajenga yanamburuta. Naona hoja hii inaeleza vizuri ule mpasuko kati ya kinywa na mkono: kujua kanuni ni jambo moja, kanuni kuwa na nguvu ya kuongoza mkono ni jambo jingine.

Upande wa pili unasema kushikilia kwenyewe kuna gharama. Mwaka 2005 Carlo Reverberi na wenzake waliwapa watu mafumbo ya hesabu zilizopangwa kwa njiti za kiberiti, ambapo jibu linataka uvunje dhana uliyokuja nayo. Katika mafumbo magumu zaidi, wagonjwa walioumia upande wa nje wa gamba la mbele walifaulu kwa asilimia 82. Watu wenye afya, asilimia 43. Waliopungukiwa na kidhibiti ndio waliokuwa huru zaidi! Hata hivyo matokeo haya yasivutwe kupita kipimo chake. Fumbo la njiti si maisha. Tim Shallice na Paul Burgess walionyesha mwaka 1991 kwamba watu walioumia sehemu hiyo wanaweza kuwa na alama za juu za akili na bado wakashindwa kutimiza orodha fupi ya shughuli za madukani.

Kemia ya ubongo nayo haimpi ushindi yeyote. Dopamini, kemikali inayopeleka ishara kati ya seli za neva, ikipungua au ikizidi katika gamba la mbele, kumbukumbu ya muda mfupi inadhoofika. Roshan Cools na wenzake waliripoti mwaka 2001 jambo la kusumbua kuhusu wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaotokana na upungufu wa dopamini: dawa inayoongeza dopamini iliwasaidia kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine, lakini ikawaharibia uwezo wa kugeuza chaguo pale lililokuwa sahihi lilipogeuka kosa. Dawa ileile, ugonjwa uleule, wepesi wa kubadilika wa aina mbili ukienda kinyume. Ndiyo maana siziamini sana programu za simu zinazouza mazoezi ya "akili nyepesi" kana kwamba wepesi ni msuli mmoja. Mapitio makubwa ya Daniel Simons na wenzake ya mwaka 2016 yalikuta watu wanaboreka katika zoezi walilolifanya, na ushahidi wa faida kuvuka hadi maisha ya kila siku ni haba.

Kinachonisaidia kuamua ni kazi ya Francisco Barceló na Robert Knight ya mwaka 2002, waliolirudia jaribio la kadi wakazitenga aina za makosa. Wagonjwa wa gamba la mbele waling'ang'ania kanuni iliyokufa, ndiyo, lakini pia walidondosha ovyo kanuni iliyokuwa bado hai. Kama eneo hilo lingekuwa chombo cha kubadilika tu, kosa la pili lisingekuwapo. Kama lingekuwa la kushikilia tu, lile la kwanza lingehitaji maelezo marefu. Alama moja ya jumla ya jaribio inayafunika makosa yote mawili. Daktari anayeisoma peke yake hawezi kujua kama aliye mbele yake hawezi kuachia au hawezi kushika, na wagonjwa hao wawili hawahitaji msaada wa namna moja.