Kengele ya Mdororo Iliyolia Miaka Miwili

Julai 2022, riba ya hatifungani (hati za mkopo) za serikali ya Marekani za miaka 2 ilipanda juu ya ile ya miaka 10, ambayo kwa kawaida ndiyo huwa juu, na ikakaa hivyo hadi Septemba 2024. Kwa wanaofuatilia masoko, riba zikipinduka namna hiyo mdororo, yaani uchumi kusinyaa, u njiani. Safari hii haukuja.

Je, kiashiria kimekufa? Sidhani. Mwanauchumi Campbell Harvey alikifanyia kazi kwenye tasnifu yake ya 1986, Chuo Kikuu cha Chicago, na mantiki yake bado inasimama: benki hukopa kwa muda mfupi na kukopesha kwa muda mrefu, hivyo riba ya muda mfupi ikizidi, faida yao huliwa, nazo hubana mikopo. Ukihesabu tangu 1969, midororo yote minane ya Marekani ilitanguliwa na kupinduka huko.

Lakini minane ni michache. Na mmojawapo ni ule wa 2020: riba zilipinduka 2019, kisha kikaja kirusi. Kuwapa hatifungani sifa ya kuiona korona ni kujidanganya. Mwaka 1966 nao zilipinduka, na mdororo haukufuata.

Fahirisi ya Conference Board, shirika la utafiti la Marekani, inayojumlisha viashiria 10 vikiwemo vibali vya ujenzi, maombi mapya ya mafao ya wasio na kazi na bei za hisa, haikufanya vizuri zaidi. Ilishuka mwezi baada ya mwezi, watunzi wake wakatangaza kwamba mdororo unakuja, kisha Februari 2024 wakaacha kuutabiri. Mimi nalaumu muundo wake: umeegemea viwanda, ilhali huduma ndizo zilizobeba uchumi.

Hata hivyo, anayevikataa viashiria hivi atasubiri nini? NBER, taasisi inayoweka tarehe rasmi za midororo, ilitangaza Desemba 2008 kwamba mdororo ulianza Desemba 2007. Mwaka mzima umepita!

Swali linalonisumbua ni la 2023. Benki zilibana mikopo kweli, kama nadharia inavyosema, na uchumi ukaendelea kukua. Maelezo ninayoyaona yana uzito ni kwamba familia nyingi zilikuwa na mikopo ya nyumba ya miaka 30 kwa riba isiyobadilika, waliyoichukua riba ilipokuwa chini. Riba ikapanda, rejesho lao likabaki lilelile. Kabla ya kuisikiliza kengele, basi, ningeuliza kwanza nani anadaiwa, na kwa riba ya aina gani.