Nimesema Nahama, Mwenye Nyumba Kapokea Simu

Kuingia katika ile nyumba kulinichukua dakika 20. Dalali alifungua mlango, nikapiga chafya ya rangi mpya, nikafungua bomba nikaona maji, nikawasha taa ikawaka, nikasema "nachukua". Mkataba ulikuwa na kurasa 11. Nilisaini zote nikiwa nimesimama, karatasi nimeziweka juu ya mgongo wa dalali, maana meza haikuwepo. Mtu anayesaini mgongoni kwa mwenzake hasomi, ndugu zangu. Anatafuta tu palipoandikwa "sahihi ya mpangaji", anamaliza, anamwambia mwenzake anyooke.

Kutoka ndiyo kazi. Kutoka kumenila miezi 2 na nywele za utosini.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu nilimkuta ukurasa wa 9, kifungu cha 14, ametulia tuli ananisubiri. Kinasema hivi: mpangaji akitaka kuondoka kabla ya miezi 12 kwisha, atatoa notisi ya maandishi ya siku 60, na ataendelea kulipa kodi mpaka mkataba uishe au mpaka apatikane mpangaji mwingine "anayekubalika" kwa mwenye nyumba. Anayekubalika! Tangu nifunge ndoa sijawahi kulitafakari neno moja kwa muda mrefu namna ile.

Mtasema, kwani nini kilikuwasha, si ungetulia umalize mwaka? Haya, nisikilizeni. Juu yetu anaishi mtu mmoja. Mmoja, vyumba viwili. Kila siku inapofika saa 7 usiku anahamisha samani. Kuna kitu kizito chenye miguu minne anakivuta kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule. Kikifika, kimya. Unamsikia kabisa anavyofikiri. Halafu anakirudisha. Akishamaliza, inaanguka gololi. Moja tu. Inadunda, tak, tak, tak-tak-tak, inabingirika mpaka kona ya chumba chetu cha kulala, inasimama. Mtu mzima hana mtoto hata wa dawa, gololi ya nini saa 7 usiku? Nilipanda kumuuliza, akanifungulia mlango amevaa soksi, mpole kama maji ya mtungini, akasema yeye hulala saa 3.

Pili, koki ya jikoni. Ilianza kuvuja mwezi wa kwanza. Nikampigia mwenye nyumba: simu inaita mpaka inakata. Nikamtumia ujumbe: kimya. Nikaweka kikombe chini, kikombe kikawa sufuria, sufuria ikawa ndoo. Kwa miezi 4 nimemtumia jumbe 9 kuhusu koki ile, za mwanzo zikianza na "Shikamoo mzee, habari za familia", ya mwisho ikiwa na neno moja: "Koki."

Basi siku moja, gololi imeshaanguka, usingizi umeshakata, nikaandika: "Mzee, nakusudia kuhama kabla ya mkataba kuisha." Nikaweka simu chini nikajifunika shuka. Simu ikaita! Dakika 4 hazijaisha, ndugu zangu, saa 7 na nusu usiku, mtu ambaye nilishaanza kumwombea kwa marehemu ananiuliza kwa sauti ya kiungwana, "Kuna tatizo gani, kijana wangu?"

Kumbe alikuwa anaamka.

Akaniambia ujumbe wa simu si notisi. Mkataba unataka barua, yenye tarehe na sahihi, afikishiwe mkononi. Nami nisijidanganye kwamba siku 60 zinaanza leo: zinaanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya kulipa kodi inayofuata barua. Tulikuwa tarehe 3. Maana yake tarehe 1 iliyopita nilikuwa nimelala usingizi wa mtu aliyepoteza mwezi mzima kwa siku 2. Niliandika barua, nikatoa nakala, nikamtaka asaini kwamba ameipokea. Alisaini ameketi, mezani, baada ya kuisoma mara tatu. Hapo nikajua nimekutana na mtaalamu.

Ushauri wa bure sasa ukaanza kumiminika. Rafiki yangu wa kazini akasema, "Hama usiku wa manane, funguo zitupie chini ya mlango, nani atakufuata?" Nikamwambia tatizo la njia hiyo ni kwamba funguo kulala sakafuni hakuvunji mkataba. Mwenye nyumba asipokubali kuzipokea kama mwisho wa upangaji, kodi inaendelea kuhesabika. Unakuwa umelala nyumba mpya huku unalipia ndoo ijae maji nyumba ya zamani. Akanishauri tena, "Basi mwezi wa mwisho usilipe, mwambie akate kwenye amana." Nalo halikwenda. Kifungu cha 6 kinasema amana ni ya uharibifu na madeni yatakayoonekana mwishoni, haigeuzwi kodi mpaka mwenyewe akubali. Rafiki yangu akanyamaza, halafu akauliza, "Wewe umeanza lini kusoma vifungu?" Nikamjibu nimeanza baada ya kusaini, kama watu wote.

Na mkataba una sahihi mbili, yangu na ya mke wangu. Nilidhani hapo kila mtu anadaiwa nusu yake. Kumbe yale maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake" yana meno: kila mmoja anadaiwa yote. Mmoja akiyeyuka, aliyebaki anabeba mzigo mzima. Nilipomsomea, mke wangu aliinua macho akauliza, "Yaani hata nikikuacha leo, bado tuko pamoja kwenye hii koki?" Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye shughuli zake, lakini niliona limemgusa.

Usiku nikawa nasoma sheria za watu kwenye simu, nikisindikizwa na gololi. Nikakuta kwamba Ufaransa, nyumba isiyo na samani, mpangaji anaondoka wakati wowote autakao kwa notisi ya miezi 3, na katika miji yenye uhaba wa nyumba ni mwezi 1 tu. Nikalia kidogo. Nikakuta Marekani, askari akipewa amri ya kuhamishwa kituo, au kupelekwa kazini siku 90 na zaidi, sheria inamruhusu kuvunja mkataba wa nyumba yake. Nikainuka, nikaenda kwenye kioo, nikavuta tumbo ndani, nikatanua kifua. Mke wangu akasema kutoka kitandani, "Jeshi gani hilo litakuchukua?" Nikarudi kulala. Kitu kimoja tu kilinipa nguvu: katika nchi nyingi mpangaji akivunja mkataba, mwenye nyumba hatakiwi kukaa kitako amsubiri yeye tu amlipe miezi yote iliyobaki. Anapaswa naye ahangaike kutafuta mpangaji mwingine, na akimpata hawezi kula kodi ya nyumba moja kutoka kwa watu wawili. Nikamweleza mzee. Akasema, "Vizuri sana. Wewe mtafute, mimi nitahangaika kumkubali."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa dalali. Dalali asiye na kamisheni, wa nyumba anayoikimbia mwenyewe.

Hamjui unafiki mpaka mmeisifia nyumba ambayo imewatoa duru nyeusi machoni. "Karibuni, hapa upepo unapita vizuri sana." Upepo unapita kwa sababu dirisha halifungi. "Jirani? Aah, watu watulivu, hulala saa 3." Hilo nilimnukuu mwenyewe, sikuongeza neno. Jikoni nilikuwa nakaa mbele ya sinki, miguu nimeitanua, ndoo iko nyuma yangu, naongea kwa sauti kubwa ili tone lisisikike. Mgeni akisema "nione hapo", namwambia hapo ni jikoni tu, kama mnavyojua majiko.

Wakawa wanakuja saa zote. Mmoja alikuja na futi kamba, akapima kila ukuta, akapima mlango, akapima kabati letu, akanipima na mimi kwa macho, akaondoka bila kusema kitu. Mwingine alikaribishwa na mzee mwenyewe nikiwa bafuni na povu kichwani; nikasikia nje, "Hapo ndipo bafu, lina mtu." Wa tatu tulielewana kila kitu, mzee akamkataa. Sababu? "Anacheka sana." Nikamuuliza kucheka kumekatazwa kifungu cha ngapi. Akasema kamkagua tu, hakubaliki.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyetaka kuingia kwa mlango wa nyuma: nibaki mimi kwenye mkataba, yeye anilipe mimi, mimi nimlipe mzee. Nikakaribia kukubali, nilivyokuwa nimechoka. Mke wangu ndiye aliyenishika mkono. Akasema, huyu akishindwa kulipa, anayegongewa mlango ni wewe. Akivunja choo, ni wewe. Mpangaji wa mpangaji ni mzigo wa mpangaji. Apewe mkataba mpya kwa jina lake, na wetu ufungwe kwa maandishi, au asije. Mwanamke huyu angekuwepo siku ya mgongo wa dalali nisingekuwa nawasimulia haya. Yeye sahihi yake niliifuata nyumbani nikamwambia ni utaratibu tu.

Lakini kila mgeni, kila mmoja, mwishoni akifika mlangoni anageuka na swali lile lile: "Kwani nyie mnahama kwa nini?"

Hapo ulimi unakuwa mzito. Nilijaribu "tumepata nafasi kubwa zaidi". Mke wangu akakohoa. Nilijaribu "kazi imehamia mbali". Akakohoa zaidi. Usiku akaniambia hawezi kulala akijua kuna mtu tumemwachia gololi ile bila kumwambia. Nikamwambia mbona hata sasa hulali. Hakucheka. Kwa hiyo mgeni wa sita alipofika nilikuwa nimeshakata tamaa, nikamwambia ukweli wote mlangoni kabla hajavua viatu: koki inavuja, dirisha halifungi, na juu kuna mtu anahamisha kabati usiku.

Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, kofia kichwani, fimbo mkononi. Akanitazama akatabasamu. Akaingiza kidole sikioni, akachomoa kifaa kidogo cha rangi ya ngozi, akakiweka kiganjani. "Mwanangu," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "mimi nikilala, masikio naweka mezani."

Nilitamani kumbusu.

Mwenye nyumba alimkubali siku hiyo hiyo. Wakakaa mezani, wakasoma ukurasa kwa ukurasa, wote wawili wamevaa miwani. Nikawaonea wivu.

Ukabaki ukaguzi. Mwenye nyumba alikuja na tochi, saa 6 mchana. Akamulika kona, akamulika nyuma ya mlango, akapita kidole juu ya fremu ya dirisha akakitazama. Ukutani nilikuwa na matundu 5 ya misumari, niliyaziba na dawa ya meno nikayalainisha kwa kadi. Kazi safi, ila nilisahau kwamba dawa ya meno inanukia. Akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Huu ukuta umepiga mswaki." Matundu yakahesabiwa. Akataka na rangi iliyofifia karibu na dirisha. Hapo nikasimama kidete: rangi kufifia kwa jua ni uchakavu wa kawaida, nyumba ikikaliwa inachakaa, mimi nalipia nilichoharibu, jua si la kwangu. Akatoka hapo akaenda kwenye mchubuko wa mlango wa chumbani. Mke wangu akatoa simu. Siku tuliyohamia alipiga picha kila kona, 60 na kitu, mimi nikamcheka nikamwambia anapiga picha kuta kama anaziposa. Mchubuko ulikuwemo, picha ya 17, na tarehe yake. Mzee akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akasema haya.

Kisha jikoni. Akaona ndoo. Akaona ubao wa chini ya sinki umevimba kama mkate uliolowa. "Hii sasa ni uzembe," akasema. "Koki inavuja, mpangaji umekaa kimya?"

Nikamfungulia jumbe 9. Akazisoma moja moja kwa tochi yake, mchana kweupe, midomo ikicheza. Alipofika ile ya mwisho akaisoma kwa sauti. "Koki." Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. "Kumbe ulinitumia?"

Akakata ya matundu 5, iliyobaki ya amana akanirudishia. Nikamkabidhi funguo 3, tukasoma mita, akaandika kwa mkono wake kwamba amezipokea na hanidai. Ile karatasi niliisoma mara nne. Mbele na nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu lakini nilisoma.

Leo ni wiki ya tatu nalala kama gogo. Jana jioni simu ikaita, nikaona ni yule mzee wa kifaa cha sikio. Anaongea kwa nguvu, nikaiweka simu mbali kidogo.

"Mwanangu, ile koki bado. Nampigia mwenye nyumba siku ya 12 leo, hapokei. Wewe ulikuwa unampataje?"

"Mwambie unahama."