Mtoto asome Kiswahili kwanza

Jumapili moja mwezi wa tatu tulipanda Kibosho kumwona mama. Alikuwa ametoka zahanati, na dawa zake zilikuwa kwenye vile vibahasha vya karatasi ambavyo mtoa dawa huviandika kwa kalamu. Miwani haikuonekana ilipo, kwa hiyo akamwita mtoto wa kaka yangu. Binti ana miaka 8, yuko darasa la pili katika shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Moshi mjini.

"Mjukuu wangu, hebu nisomee hapa. Nimeze ngapi?"

Maandishi yalikuwa mafupi: kidonge kimoja asubuhi na jioni baada ya kula. Binti akaanza kwa ujasiri, akajikwaa kwenye "kimoja", akafika kwenye "jioni" akasoma "jayoni". "Kula" ikawa "kyula". Akanyamaza, macho chini. Mama akampapasa kichwa, akasema, "Haya mama, ubarikiwe," halafu akaninyooshea mimi kile kibahasha. Nilisoma huku moyo unaniuma, maana mtoto yule ana akili, na Kiswahili ndicho anachoongea hadi usingizini.

Mchana tulikaa kwenye migomba, kando ya mfereji, akatoa kitabu chake cha shule. Kiingereza alikitiririsha bila kukwama. Palikuwa na sentensi ya mbuzi kunywa maji kwenye "stream", yaani kijito. Nikamuuliza, stream ni nini?

"Si darasa, shangazi? Sisi tuko stream B."

Maji ya mfereji yalikuwa yanapita hatua tano kutoka tulipokaa.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta na kusoma walichoandika watafiti wa usomaji wa watoto wenye lugha mbili. Nataka wazazi wenzangu wa Moshi wakijue, kwa sababu sisi ndio tunaolipa ada.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walitoa maelezo ya kusoma yanayotumika hadi leo. Walisema kusoma kwa kuelewa ni zao la vitu viwili: kuyatamka maandishi, na kuielewa lugha yenyewe. Wakaweka alama ya kuzidisha katikati, hawakuweka ya kujumlisha. Ukizidisha chochote kwa sifuri unapata sifuri. Binti yetu kwenye kitabu cha mbuzi alikuwa na matamshi, uelewa haupo. Kwenye dawa za bibi yake alikuwa na uelewa wote, matamshi hayapo. Lugha mbili, na kila moja imepewa nusu.

Sasa tazama Kiswahili kilivyoandikwa. "A" ni "a" kila mahali. Ukishazijua irabu tano, ukapita ba be bi bo bu hadi za, ukazoea na vitu kama ng' ya ng'ombe, unaweza kutamka karibu neno lolote, hata ambalo hujawahi kulisikia. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi ile ile inabadilika sauti kutoka neno hadi neno. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya. Kuelekea mwisho wa darasa la kwanza, watoto wa Finland, ambako maandishi yanafuata sauti kama ya kwetu, walisoma sawasawa maneno ya kawaida 98 kati ya 100. Wa Scotland, wanaojifunza kwa Kiingereza, walisoma 34. Na hao ni watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza! Sisi tunamchukua mtoto wa mitaa yetu ya Moshi, Pasua au Majengo, tunamwanzishia pale penye mlima mkali kuliko pote, kwa lugha anayoisikia shuleni tu.

Mzazi atasema: akianza na Kiswahili atachelewa Kiingereza. Utafiti unaonyesha vingine. Mwaka 1993 Aydın Durgunoğlu na wenzake walichunguza watoto wa darasa la kwanza nchini Marekani ambao nyumbani wanaongea Kihispania. Waliokuwa na sikio zuri la kuchambua sauti za maneno ya Kihispania ndio waliosoma vizuri zaidi maneno ya Kiingereza. Kile alichokijenga mtoto kwa lugha ya mama kilivuka naye. Jim Cummins wa Kanada alikuwa ameshaeleza jambo hili tangu 1979, kwamba chini ya lugha mbili za mtoto kuna msingi mmoja. Cummins pia alionyesha kuwa Kiingereza cha kuongea na wenzake mtoto mhamiaji hukipata kwa miaka kama miwili, ila Kiingereza cha masomo humchukua miaka mitano hadi saba. Huwa nawafikiria wazazi wanaotabasamu mtoto akisema "good morning" kwa wageni, wakaamini kazi imeisha.

Na lugha mbili hazimvurugi mtoto. Ellen Bialystok aliwawekea watoto wa miaka minne na mitano kadi yenye neno chini ya picha, kisha kadi ikasogea ikawa chini ya picha nyingine. Wengi wa lugha moja walisema neno nalo limebadilika. Wenye lugha mbili walitambua mara nyingi zaidi kuwa neno ni lile lile, maandishi hayafuati picha. Watoto wetu, wanaosikia Kichagga kwa bibi, Kiswahili mtaani na Kiingereza darasani, wana mtaji huo tayari.

Kinachonikasirisha ni kibao. Katika shule moja niliyowahi kumpeleka mwanangu, mtoto akiponyokwa na Kiswahili uwanjani alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi amkamate mwenzake. Mwanangu alirudi nyumbani akaniuliza kama Kiswahili ni tusi. Nilimhamisha, lakini najua vibao hivyo bado vipo, na wazazi wengine wanavisifu.

Ninaielewa hofu yao. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na tumeona vijana wazuri wakizama hapo baada ya miaka saba ya Kiswahili. Mimi mwenyewe nilizama mwaka mzima. Kiingereza kifundishwe, tena kwa walimu wanaokijua kweli. Ninachoomba ni kwamba mtoto wa miaka sita au saba ashikishwe ufunguo wa kusoma kwa lugha anayoielewa, halafu auchukue aende nao kwenye lugha ya pili.

Nyumbani mimi na binti yule tulianza na robo saa kila jioni. Silabi kwanza, kisha maandishi ya mifuko ya unga, vibao vya daladala, na kanga za mama kwenye kamba ya kuanikia. Kanga zilimpendeza kuliko vitabu, maana kila moja ina jina na kila jina lina kisa, na mama hachoki kukisimulia. Wiki ya nne hivi "jioni" ilikuwa jioni. Siku moja akiwa na kile kitabu cha mbuzi alisimama mwenyewe katikati ya ukurasa, akauliza neno fulani maana yake nini. Zamani alikuwa anapita tu.

Mkutano wa wazazi wa muhula huu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitauliza watoto wa darasa la kwanza na la pili wanapata dakika ngapi kwa wiki za kusoma Kiswahili kwa sauti, na nani anawasikiliza. Mzazi mwenzangu, uliza na wewe kwenye shule ya mwanao.