Kozi ya Kulipia Isikae Mlangoni mwa Programu Huria

Sina ugomvi na mtu anayeuza kozi. Anayefundisha naye ana watoto na kodi ya nyumba, na kurekodi masomo ya Python, lugha ya kuandikia programu, yakaeleweka ni kazi ya kutoa jasho. Ninachopinga ni kozi hiyo kuwekwa mlangoni mwa tovuti ya mradi huria, yaani wa programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma na kuirekebisha, mgeni akifika adhani hakuna pengine pa kuingilia.

Nafundisha vijana kompyuta hapa Unguja, wengi wao wametoka skuli juzi tu, na haya nayaona kwa macho. Kijana anafungua tovuti ya mradi, ambao sitautaja, anabonyeza "Anza hapa" na kupelekwa kwenye video. Ya kwanza ni ya bure, nzuri khasa, na bando limekwenda nayo. Ya pili imefungwa. "Maalim, wanataka kadi." Kadi hana. Ana pesa kidogo kwenye simu, nazo ni za nauli ya daladala na chakula. Bei imeandikwa kwa dola, tena ya kila mwezi. Kumbe maelezo ya bure yamo kwenye tovuti ile ile, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kijana yule hakuniuliza tena kuhusu programu ile. Aliona si ya watu kama yeye, na hilo ndilo linaloniuma.

Wapo watakaosema programu huria haikatazi biashara. Kweli kabisa. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, miaka miwili baadaye alikuwa akiuza kanda za Emacs, programu ya kuandikia maandishi, kwa dola 150. Lakini aliyekuwa na mtandao aliichukua programu ile ile bure. Leo waundaji wa Rust, nayo ni lugha ya kuandikia programu, wana kitabu chao rasmi kinachosomeka chote mtandaoni bila malipo, na kampuni ya No Starch Press inakichapa na kumuuzia anayetaka karatasi. Huo ndio utaratibu ninaoutaka mimi: anayelipa aongezewe raha, asiyelipa asipunguziwe elimu.

Na pesa miradi inazihitaji, tusijifanye hatujui. Mwaka 2014 ilipogunduliwa hitilafu ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi mno duniani, watu ndipo walipojua kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya kiasi cha dola 2,000 tu kwa mwaka. Basi muuza kozi akiugawia mradi sehemu ya mauzo yake, mimi nafurahi. Ila isemwe wazi.

Aliyekulia Mji Mkongwe anajua kazi ya papasi: anampeleka mgeni dukani, na kamisheni yake imo ndani ya bei. Mgeni anadhani kaletwa kwa uzuri wa bidhaa. Kiungo (link) cha kozi kisichosema kwamba kina kamisheni ndivyo kilivyo, na kwenye tovuti ya mradi kinadhuru zaidi, kwa sababu msomaji huchukua kila kilichomo kuwa ni ushauri wa waundaji wenyewe.

Kwa hiyo viungo vya kulipia viwepo, lakini kwenye ukurasa wao, baada ya mafunzo ya bure yanayojitosheleza, na kila kimoja kiwe na alama kwamba ni cha kulipia na kama mradi unapata chochote. Waundaji wa Django, zana huria ya kutengenezea tovuti, wanastahiki sifa hapa. Mafunzo yao ya mwanzo yanamshika mtu mkono mpaka amalize programu ndogo ya kupigia kura, bila kulipa senti. Nyaraka zao zote pia zinapakuliwa kwa PDF. Unazitia kwenye flashi, unapanda boti nazo mpaka Pemba, na mtu wa Micheweni anasoma bila kuwasha data. Video ya kulipia haimfai kitu huyo, hata iwe nzuri vipi.

Wenzangu wa Unguja na Pemba mnaotumia programu hizi kila siku, kurasa nyingi za mafunzo zimo GitHub, tovuti ambako miradi huweka kazi zake, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Ukikuta kozi ya kulipia imewekwa juu ya mwongozo wa bure, pendekeza zibadilishane nafasi. Ukikuta kiungo hakina alama, andika maneno mawili tu, "ya kulipia", uyatume. Waundaji wengi hawajawahi kukaa na mwanafunzi asiye na kadi. Wasipoambiwa na sisi, sijui nani atawaambia.